Nguo ya Saba

Umeme alikwenda kununua vifungo, akarudi na dhambi ya mtu mkononi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alisimama kwenye duka la sare za shule, akisubiri apimiwe vifungo vyake, na mtu wa cherehani hawezi kusimama karibu na nguo asiiguse. Akavuta shati jeupe lililokuwa limening'inia, akapindua pindo, akauona uzi wa buluu kwa ndani. Uzi huo ulikuwa alama ya kiwandani kwao. Akajisikia fahari kidogo. Kisha macho yakapanda kwenye matundu ya vifungo, na fahari yote ikaishia hapo.

Mwisho wa kila tundu, uzi ulikuwa umepitishwa mara mbili kwa kukingama, na fundo limezamishwa ndani lisionekane hata na mwenye miwani. Kiwanda kizima, kazi ya namna hiyo aliifanya mtu mmoja tu. Na mtu huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajashika sindano kwa miezi minane kwa sababu mkono wake wa kulia haufanyi kazi tangu unaswe na mashine. Mtu huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe.

Umeme akalinunua lile shati. Hakuomba hata kupunguziwa, mpaka mwenye duka akamtazama mara mbili, maana huyu mama alijulikana kwa kubishania bei ya kifungo kimoja.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu hicho kiwanda. Kukiita kiwanda ni heshima tu. Lilikuwa bohari la zamani, bati linavuja pembe moja, na ndani yake mafundi kumi na wawili, kila mmoja na cherehani yake, wateja wake na ulimi wake. Vya wote vilikuwa vichache: pango la jengo, meza ndefu ya kukatia, pasi mbili, mashine kubwa ya kuziba kingo za nguo, na kapu. Kapu lilikaa mlangoni, kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kulala humo akijikunja. Sheria yake ilikuwa moja. Ukishona nguo sita ni zako, ya saba ni ya kapu. Mwenyekiti alizitia uzi wa buluu, akaziuza madukani, na kilichopatikana kilimwendea aliyeanguka: mgonjwa, mzazi aliyetoka kujifungua, aliyefiwa, aliyeunguliwa nyumba.

Mwenyekiti mwenyewe waliyemchagua aliitwa Mzee Futi, kwa sababu futi kamba haikumtoka shingoni hata msibani. Na Umeme aliitwa Umeme kwa sababu cherehani yake ilikuwa hainyamazi. Wengine wakimaliza nguo saba, yeye amemaliza kumi na nne. Kwa hiyo wengine wakitoa moja, yeye anatoa mbili, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Serikali inakata juu, kapu linakata chini," alikuwa akisema. "Mimi nimebaki kiuno tu."

Siku moja alimkabili Mzee Futi mbele ya watu. Alitaka kujua haki iko wapi, ikiwa yeye anatoa mara mbili, halafu siku akiumwa anapewa sawa na wanaotoa moja.

"Kwani ukiumwa," Mzee Futi akamuuliza, "utakuwa na matumbo mawili?"

Watu wakacheka, Umeme akacheka nao, lakini kicheko chake hakikushuka tumboni.

Kuna jambo jingine ambalo halikusemwa kwa sauti. Nguo sita zilishonwa kwa macho, ya saba ilishonwa kwa mazoea. Ya saba ilipewa uzi uliobaki. Ya saba ilipanuliwa mshono ili iishe upesi, kola ikawekwa bila kupigwa pasi, matundu ya vifungo yakapasuliwa tu kama mtu anafungua barua. Kila fundi alifanya hivyo, na kila fundi alidhani ni yeye peke yake mjanja. Umeme hakuona aibu yoyote. Alijiambia kwamba anayekatwa mara mbili ana ruhusa ya kukunja uso mara mbili.

Kisha akaja Tajiri. Huyu alikuwa amejenga ng'ambo ya barabara jengo lenye vioo na mashine mpya thelathini, na alitaka mafundi sita wepesi, Umeme wa kwanza. Maneno yake yalikuwa matamu na mafupi. Kwake hakuna kapu, ukishona saba unalipwa saba. Alitaka jibu kabla ya wiki kwisha.

"Kwa Tajiri nako kuna kapu," alisema Mama Vifungo, fundi wa cherehani ya pembeni, mwanamke ambaye hakuna habari iliyompita bila kulipa ushuru. "Ila lile ni lake peke yake. Ulidhani vioo vile vimenunuliwa na nini?"

Umeme aliyasikia yote mawili na kuyaweka moyoni. Kuondoka alitaka. Lakini wifi yake ndiye aliyemfundisha kushona, ndiye aliyemwingiza pale kiwandani, na sasa ndiye aliyekula kutoka kwenye kapu, yeye na mabinti zake wawili wanaosoma. Mume hakuwa naye, shamba hakuwa nalo, kapu ndilo lililokuwa sufuria lake. Umeme akiondoka na wale wepesi watano wakamfuata, kapu litabaki na nini? Watu wangesema ameiua nyumba ya dada wa mumewe kwa tamaa. Lakini kama wifi ni mwizi, basi mambo yangebadilika kabisa. Hakuna anayelaumiwa kwa kukimbia nyumba yenye mwizi.

Ndiyo maana lile shati alilikunja vizuri, akalitia chini kabisa ya mkoba, chini ya vifungo.

Jumanne alikwenda kumjulia hali wifi. Alibeba sukari kilo moja, maana mpelelezi wa mikono mitupu hutiliwa shaka. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akasikia kitu kinaburutwa sakafuni, ndipo mlango ukafunguliwa nusu.

"Wifi yangu," akasema mwenye nyumba. "Mbona hukuniambia unakuja?"

"Kwani siku hizi tunaandikiana barua?"

Wakacheka, wakaingia. Chumba kilikuwa kilekile: kitanda, meza ya mabinti yenye madaftari, cherehani kwenye kona imefunikwa shuka. Umeme aliitazama ile shuka. Cherehani isiyotumika miezi minane shuka yake hushika vumbi, na hii ilikuwa safi. Akatazama sakafu. Palikuwa pamefagiwa, lakini fagio halijawahi kushinda uzi. Nyuzi fupifupi nyeupe, za kukatwakatwa, zilikuwa zimejibana kwenye ufa wa sakafu karibu na kitanda. Mkono wa kulia wa wifi ulikuwa umefungwa kitambaa na kufichwa kwenye kunjo la shuka aliyojifunga kiunoni.

"Mkono unaendeleaje, wifi?"

"Hivyohivyo."

"Daktari anasemaje?"

"Madaktari si unawajua. Anasema nisubiri."

"Hebu niuone."

"Wa nini? Kwani mkono ni mtoto mchanga wa kuonyeshwa wageni?" Wifi akainuka haraka, akaenda kuwasha jiko. "Kaa nikupe chai."

Mgeni gani tena, Umeme akajiuliza. Tangu lini mimi ni mgeni humu? Alipoachwa peke yake akadondosha kwa makusudi kijiko kilichokuwa mezani, akainama kukiokota. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama vizuri. Chini ya kitanda palikuwa na gunia limefungwa mdomo, na kwenye mdomo wake, kama ulimi wa mbuzi, umetokeza ukosi wa shati jeupe.

Chai aliinywa yote. Akaaga kwa adabu, akashukuru, akauliza habari za mabinti. Njiani alitembea mbio, na si kwa hasira tu. Kulikuwa na furaha ndani yake, furaha ile mbaya ya mtu aliyekuwa akitafuta kosa na amelipata.

Jioni akamweleza mumewe, fundi bomba, aliyekuwa anaosha mikono kwenye ndoo kabla ya kula. Mume akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuosha, kidole baada ya kidole.

"Dada yangu hawezi," akasema.

"Hawezi nini? Hawezi kushona au hawezi kuiba?"

"Vyote viwili."

"Basi shati hili limejishona lenyewe."

Mume akalitazama shati kama mtu anayeonyeshwa andiko la lugha asiyoijua. Yeye na matundu ya vifungo wapi na wapi. "Muulize," akasema. "Ni wifi yako, ana mdomo, ana masikio. Muulize kabla hujamsema."

"Nilimuuliza kuhusu mkono, akauficha."

"Hukumuuliza. Ulimpeleleza."

Waliingia kulala kila mmoja na ukuta wake. Na hapo ndipo Umeme angeweza kusikia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alijiambia mumewe anatetea damu yake, na nani asiyetetea damu yake?

Alhamisi ikamaliza ubishi wote. Umeme alipita njia ya nyuma asubuhi, kwa kisingizio cha kutafuta mkaa, akamwona Mzee Futi akitoka kwa wifi. Mzee yule, na umri wake ule, amebeba gunia begani, futi kamba inaning'inia kifuani, na anatazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka barabara. Mtu mwenye jambo la halali hatazami kushoto na kulia namna ile kwenye njia isiyopita hata baiskeli.

Kumbe ni wawili. Sasa kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwa Umeme, kama vipande vya nguo vilivyokatwa vizuri. Wifi anashona nyumbani. Mzee Futi anatia uzi wa buluu, anauza kwa jina la kapu. Fedha wanagawana. Na juu ya hayo wifi anapokea fungu la mgonjwa kila mwisho wa mwezi na mkono umefungwa kitambaa. Anakula huku na huku. Na nani anayewalisha? Umeme, kwa nguo zake mbili wakati wengine wanatoa moja.

Akamnong'oneza Mama Vifungo. Kumnong'oneza Mama Vifungo ni sawa na kupanda juu ya bati na kupiga debe. Kufikia Ijumaa mchana mafundi walikuwa wanatazamana kwa pembe za macho. Mmoja alihesabu bobini zake mara tatu. Mwingine alifunga mkasi wake kwa kamba mguuni mwa meza, wakati mkasi huo ulikaa wazi miaka sita bila kuguswa. Mzee Futi alipita katikati yao akisalimia, na salamu zikamrudia nyembamba.

Jumamosi wakakaa kikao kuizunguka meza ya kukatia. Wifi naye aliitwa, akakaa mwisho wa benchi karibu na mlango, mkono kwenye shuka. Umeme alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Lakini aliposimama, hotuba ikamkimbia, akalitoa shati na kulitandaza mezani.

"Tazameni matundu," akasema. "Halafu mniambie ni mkono wa nani."

Wakainama wote. Mafundi wanajuana kwa mshono kama watu wengine wanavyojuana kwa sauti. Hakuna aliyehitaji kupewa muda. Mmoja akaguna, mwingine akasema, "Mh," na macho ya wote yakaenda mwisho wa benchi.

"Nimelinunua dukani Jumatatu," Umeme akaendelea. "Lina uzi wa kapu. Na Alhamisi nimemwona mwenyekiti wetu kwa macho yangu haya akitoka na gunia kwa huyuhuyu mgonjwa wetu. Mimi sina ugomvi na mtu. Nauliza tu: tunamlisha anayeumwa, au tunamlisha anayetucheka?"

"Wifi," akasema dada wa mumewe, kwa sauti ya chini.

"Hapa sote ni mafundi," Umeme akajibu. "Wifi ni nyumbani."

Mzee Futi akainua mkono. "Naomba niseme."

"Hapana, mzee," wifi akamkatiza. "Ulinipa neno lako." Akasimama. "Ni kweli nimeshona. Mkono huo ni wangu."

"Na gunia?" akauliza Mama Vifungo.

"Gunia lilitoka kwangu."

"Sema yote basi," Mzee Futi akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kusihi.

"Yote ni hayo." Akakaa.

Umeme alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kiapo, kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kwa mtu anayekubali. Kuna kitu kidogo kilimchoma ndani, kikamwambia hapa pana namna, kaa chini kwanza. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na watu walikuwa wanamtazama yeye, fundi mwepesi kuliko wote, wakingoja aseme linalofuata. Akasema lipigiwe kura. Mikono minane ikainuka. Wake ulikuwa wa kwanza, ingawa haukupanda juu sana. Wifi akatolewa kwenye kapu, palepale, pamoja na mabinti zake na mwisho wa mwezi wao.

Wifi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

"Kaa," akasema Mzee Futi.

"Mzee, ulinipa neno."

"Nilikupa. Mwenyezi Mungu ataniuliza, nitamjibu." Akalichukua shati mezani, akalipindua ndani nje, akaliweka mbele ya Umeme. "Matundu umeyajua. Haya, bega hili limeshonwa na nani?"

Umeme akatazama. Mshono ulikuwa mpana wa kutia aibu, na mwanzoni na mwishoni pameachwa nyuzi mbili ndefu bila kukatwa. Kwa muda mfupi alidharau kabisa aliyeshona vile. Kisha uso ukamwaka moto. Nyuzi mbili ndefu zile alikuwa akitaniwa nazo miaka yote, kwamba Umeme akiwa na haraka nguo yake inaota mikia.

Wote walikuwa wameshajua kabla yake.

Mzee Futi akaenda stoo, akarudi na gunia, akalimwaga mezani. Mashati, sketi, kaptura, zote zina uzi wa buluu. "Hizi zimerudishwa na maduka mwezi huu," akasema. "Haya, si mnajua mikono ya watu? Itajeni hii."

Kola ile iliyopinda ilikuwa ya Mama Vifungo, kila mtu aliiona. Kaptura yenye mguu mmoja mrefu ilikuwa ya yule aliyefunga mkasi kwa kamba. Walisimama kuizunguka meza, kila mmoja anatafuta mahali pa kuweka macho, na kila anapoyaweka anakuta kazi ya jirani au yake mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo waliletewa kioo.

Mzee Futi akaeleza, bila kupandisha sauti. Tangu mwaka uliopita maduka yalikuwa yanazirudisha nguo za kapu. Sketi zinafumuka kiunoni, vifungo vinapita kwenye matundu kama maji. Mwenye duka mmoja alimwambia afadhali aombe sadaka mlangoni kuliko kumletea matambara. Alitaka kuliambia kikao. Wifi akamzuia. Alisema akiwaambia mafundi, wataona haya, wenye haya watakasirika, na Tajiri yuko ng'ambo ya barabara anawangoja wenye hasira. Akasema amletee nyumbani, atafumua palipoharibika na kushona upya. Mwenye njaa hachagui kazi.

"Msinifanye malaika," wifi akasema kutoka mlangoni. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. "Kapu likifa, wa kwanza kulala na njaa ni mimi. Nilikuwa nalinda tonge langu."

"Lakini kwa nini hukusema saa ile ulipoulizwa?" akauliza mmoja wao.

Wifi hakumtazama Umeme. "Nyingi zilikuwa za mtu wa nyumbani kwangu," akasema. "Ningesemaje mbele zenu?"

Kisha Mama Vifungo, ambaye alikuwa hawezi kuvumilia kimya hata cha makaburini, akauliza lililokuwa kwenye vichwa vya wote. "Na mkono? Kama unashona, si umepona?"

Wifi akarudi mezani. Akautoa mkono kwenye shuka, akafungua kitambaa taratibu kwa meno na mkono wa kushoto, akauweka juu ya yale mashati. Siku ile mkanda wa mashine ya pamoja ulipomnasa, mishipa ya vidole ilikatika, na madaktari waliiunga. Walimwambia mkono utarudi, ila usibane kitu mwaka mzima, usishike hata kijiko. Lakini kola haifumuliwi kwa mkono mmoja. Wa kushoto unashika kiwembe au sindano, mwingine lazima ubane nguo, na kila siku ule wa kulia ulibana. Sasa vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, vigumu, ngozi inang'aa. Aliviinua kwa mkono wa pili, vikarudi palepale.

"Juzi wameniambia ndiyo basi," akasema. "Utakaa hivi."

Umeme alikuwa ametaka kuuona mkono ule wiki nzima. Sasa ulikuwa mbele yake, juu ya shati aliloshona kwa dakika kumi ili awahi lake, na alitamani mtu aufunike. Alijihisi mchafu.

Kura ikapigwa tena. Safari hii mikono yote ikapanda, mingine kwa haraka ya kutia shaka. Wifi akakubali kurudishwa. "Sina jeuri ya njaa," akasema. Wakatunga na sheria mpya, na aliyeitunga ni yuleyule wa mkasi wa kamba, kwa sababu mtu asiyewaamini wenzake ndiye anayejua pa kuweka kufuli. Tangu siku ile, fundi hachagui tena ya saba yake. Anashona saba, anazipanga mezani, na mwingine anakuja kuchagua moja. Hujui itachukuliwa ipi, kwa hiyo huna ya kuichezea. Kazi ya kuchagua ikapewa mtu asiyeshona.

Tajiri alipata mafundi watatu. Umeme hakuwamo. Msimsifu. Alifika mpaka mlango wa vioo Jumapili jioni, akajiona kwenye kioo, akarudi.

Usiku ule mumewe hakumwambia "nilikuambia," na afadhali angesema. Kesho yake alfajiri Umeme alikwenda kwa wifi, bila sukari, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye ufa, akalia, akaomba radhi. Wifi akamwinua kwa mkono mzima. Akamwambia amemsamehe, ya kiwandani yameishia kiwandani, asijitese. Akampa chai. Mabinti wakamsalimia. Hakuna lililopungua, ukitazama kwa macho.

Saa nne asubuhi Umeme alipanga mashati saba kwenye meza ya kukatia. Alikuwa ameyashona kwa makini, kila kola imepigwa pasi, kila uzi umekatwa. Wifi akaja upande wa pili wa meza. Akapindua moja, akavuta bega la jingine, akapitisha kidole kwenye matundu, hakuharakisha. Umeme akamtazama usoni, akingoja. Miaka kumi na tatu mwanamke huyu alikuwa akimwita wifi: sokoni, msibani, kwenye hasira na kwenye kicheko, hata siku ile ya kikao kabla hajakatazwa.

"La tano," akasema, akalivuta na kulitia kapuni. "Ahsante, fundi."

Akasogea kwenye rundo linalofuata.